Kichwa bila tela: ajali ya Jumamosi ni ya bima ipi?

*Barua za wasomaji na majibu ya Mjomba wa Barabara*

Shikamoo Mjomba.

Mimi ni mke wa dereva, tunaishi Des Moines, Iowa. Mume wangu ana kichwa chake mwenyewe, Freightliner Cascadia ya 2018. Amekikodisha kwa kampuni moja ya usafirishaji kwa mkataba wa mwaka, tela ni za kampuni. Yeye anaendesha, mimi nashika makaratasi. Kila Ijumaa malipo yakiingia nakaa mezani na kalamu nyekundu, napitia makato: dizeli, kile kifaa cha kurekodi saa, maegesho, na mstari mmoja umeandikwa NTL, dola 13. Nilipomuuliza mwenzangu akasema hiyo ni bima yetu ya siku za mapumziko, lori likiwa nyumbani halina neno. Nikaridhika.

Jumamosi iliyopita kumetokea jambo. Alikuwa ameacha tela yadi ya kampuni tangu Alhamisi jioni, akaja nyumbani na kichwa kitupu. Ijumaa dispacha, yaani mpangaji wa safari wa kampuni, akamtumia ujumbe kwamba Jumatatu kuna mzigo wa nyama, aje na lori safi, mteja ni mkali. Basi Jumamosi asubuhi akaenda kuliosha, dola 65. Alipomaliza nikampigia simu apitie duka la Waafrika atuletee unga na dagaa, tulikuwa na wageni. Duka liko maili sita upande mwingine kabisa wa mji. Wakati anatoka kwenye maegesho ya duka, kona ya bampa ikakwangua ubavu wa pikapu iliyoegeshwa, kuanzia mlango hadi taa ya nyuma. Hakuna aliyeumia. Mwenye pikapu ameleta makadirio ya dola 4,870.

Kampuni inasema hakuwa kazini. Watu wa NTL wamepiga simu wakauliza alitoka wapi, alikuwa anakwenda wapi na nani alimtuma, na Alhamisi wanataka kurekodi maelezo yake. Madereva wenzake wanamwambia aseme alitoka nyumbani moja kwa moja kwenda kununua unga, habari ya kuosha asiitaje kabisa. Shida ni kwamba risiti ya kuosha nilishaituma kampuni ili turudishiwe hela. Niiondoe? Na hizi dola 13 za kila wiki tunalipia nini hasa?

*Mama Kalamu Nyekundu, Des Moines*

Marahaba, mpwa wangu. Jibu la haraka nilikupa kwa simu, kwa kuwa Alhamisi yako isingengoja gazeti litoke. Hapa nalirudia kwa kirefu, kwa ruhusa yako, maana huku Indianapolis siendi harusini wala msibani bila dereva mmoja kunivuta pembeni kuniuliza jambo hilihili.

Risiti usiiguse. Usiifute, wala usiiandikie kampuni kwamba ilitumwa kwa makosa. Fikiria vitu ambavyo mtu wa madai anaweza kuviomba: risiti ina saa na tarehe, kifaa cha lori kinajua injini iliwashwa na kuzimwa saa ngapi, ujumbe wa dispacha umekaa kwenye simu mbili, na duka lina kamera. Akishakuwa na hivyo mezani, hampigii mumeo kutafuta habari mpya. Anataka kusikia kama atasema tofauti. Akisema tofauti amewapa sababu ya kukataa hata madai ambayo yangelipwa bila ubishi. Aseme kama ilivyokuwa: nilikwenda kuosha, mke akanipigia, nikaenda dukani, nikakwangua. Asichokijua aseme sijui. Na asianze kutoa hukumu kama alikuwa kazini au hakuwa, maana neno "kazini" kwenye bima si lile analolizoea yeye.

Sasa dola 13.

Wengi wetu tuliofika huku tukiwa watu wazima tumekuja na picha ya bima ya nyumbani. Enzi zangu Bongo ulikata bima ndogo au bima kubwa, stika ikabandikwa kwenye kioo, basi gari lina bima. Nimeendesha Scania ya tajiri mmoja wa Dar kwenda Tunduma na kuvuka hadi Kasumbalesa, na kwa upande wa bima kazi yangu ilikuwa kuangalia stika haijaisha na kadi ya njano ya COMESA imo kwenye mfuko wa makaratasi. Utingo wangu alikuwa anaibusu ile kadi kabla ya kila mpaka. Tuliamini bima imegandishwa kwenye chuma, na popote chuma kilipo, nayo ipo.

Kwa kichwa kilichokodishwa kwa kampuni hapa Marekani, sahau picha hiyo. Kichwa cha mumeo kina bima mbili za dhima, yaani za kumlipa mtu mwingine mliyemuumiza au kumharibia mali, na kila moja inaangalia ulikuwa unafanya nini ndipo iseme kama ni yake.

Ya kwanza ni ya kampuni. Kanuni za shirikisho za kukodisha malori, sehemu ya 376, zinataka mkataba useme kwamba muda wote wa ukodishaji kampuni ndiyo yenye lori mkononi na ndiyo inayobeba wajibu wa uendeshaji wake. Ndiyo maana mlangoni kuna jina la kampuni na namba yake ya USDOT, ile ya wizara ya usafirishaji ya Marekani, wakati mkopo wa lori mnalipa nyinyi. Kampuni lazima iwe na bima ya kulinda umma. Kwa mizigo ya kawaida inayovuka majimbo kima cha chini ni dola 750,000, kiwango ambacho hakijasogea tangu miaka ya 1980, ingawa madalali wengi wa mizigo hawakupi mzigo bila milioni moja.

Ya pili ndiyo hiyo NTL (non-trucking liability), bima ya dhima kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kazi yake ni kuziba pengo linalobaki mumeo anapotoka kwenye shughuli za kampuni na lori bado liko mikononi mwake. Ndani ya karatasi zake, kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipwa, utakuta sentensi ya namna hii: haitalipa lori likiwa limebeba mali katika biashara yoyote, wala likiwa linatumika katika biashara ya yule aliyelikodi. Chukua kalamu yako nyekundu, pigia mstari maneno "katika biashara ya". Hayo ndiyo yanayowalisha mawakili. Hayaulizi kama ulikuwa na mzigo, wala kama umelipwa kwa saa hiyo. Yanauliza yale magurudumu yalikuwa yanazunguka kwa ajili ya shughuli ya nani.

Haya sikuyajifunza darasani. Januari ya 2014, ile ya baridi iliyopasua mabomba, niliacha tela Joliet, Illinois, Ijumaa saa nane mchana. Dispacha akaniambia hakuna kitu mpaka Jumatatu, nenda nyumbani kapumzike. Nikakamata I-80 na kichwa kitupu, nikaingia I-65 kuelekea kusini, kama maili 200 hivi hadi kwangu. Nilipofika Lebanon, mji wa hapa Indiana, nikatoka barabara kuu kutafuta kahawa. Anayejua anajua: kichwa bila tela kwenye theluji ni punda aliyevuliwa mzigo. Nyuma kwepesi, matairi hayashiki, na zile breki zimetengenezwa kusimamisha pauni 80,000, si chuma kitupu. Taa ikawa nyekundu, nikakanyaga, kichwa kikateleza polepole kama sabuni kwenye sinki, hadi nikasikia *ko*. Kigari kidogo cha bluu. Mama wa kizungu akashuka ameshika shingo, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza mimi kama niko salama. Mpaka leo nikimkumbuka naona haya.

Bima ya kampuni ikasema: hakuwa na mzigo wetu, hakuwa na tela yetu, dispacha alishamruhusu, hatumo. Bima yangu ya dola chache kwa wiki ikasema: alikuwa anarudi kutoka kupeleka mzigo wa kampuni, kurudi ni sehemu ya safari, kwa hiyo yumo katika biashara ya kampuni, hatumo. Nikapigwa danadana miezi 11. Barua zilikuwa zinakuja kwa bahasha ndefu, mke wangu akawa anazitunza kwenye kopo la majani ya chai, lilipojaa akaanzisha la pili. Wakili wa yule mama hakuhangaika na ubishi wao, alitushtaki wote. Mwishowe bima mbili zikagawana malipo, lakini mimi nilikuwa nimeshalipa wakili wangu dola 3,200 kabla hawajakubaliana nani anitetee. Mgongo uliponilazimisha kushuka kwenye lori, nikaenda kusomea leseni ya uwakala wa bima hapa Indiana. Nilitaka niujue mchezo niliochezewa.

Na nilichokikuta ni kwamba siku ile hakuna upande uliokuwa unaropoka. Majimbo hayaamui sawa. Zipo mahakama zilizosema dereva anayerudi nyumbani baada ya kushusha bado yumo katika biashara ya kampuni mpaka afike, na zipo zilizosema akishaambiwa kapumzike, safari ya nyumbani ni yake. Dereva anayesogea kuelekea mzigo unaofuata, huyo kwa kawaida anahesabiwa yumo kazini hata kama hajafika. Lori linalopelekwa gereji ili Jumatatu liingie kazini, mara nyingi nalo hivyohivyo.

Sasa naomba nikuondolee mkanganyiko mmoja ambao naona hata mumeo anao. Madereva wanalitaja neno bobteli, yaani kuendesha kichwa bila tela, kana kwamba ndilo jina la NTL. Mawakala wengine nao wanachanganya, sijui kwa uvivu au kwa makusudi. Bima ya bobteli halisi inaangalia kama kuna tela nyuma, hata ukiwa unakwenda kuchukua mzigo. NTL inaangalia shughuli, tela iwepo au isiwepo. Mstari wenu unasema NTL. Kwa hiyo kile kisa cha "hakuwa na tela" hakiwasaidii wala hakiwadhuru, weka pembeni.

Mkanganyiko wa pili ni mbaya zaidi, kwa sababu umevaa nguo za serikali. Kwenye kifaa cha saa kuna kitufe cha kusema niko nje ya kazi natumia lori kwa mambo binafsi. Mwongozo wa 2018 wa FMCSA, shirika la serikali kuu linalosimamia usalama wa malori, unaruhusu kukitumia unapotoka ulipolala kwenda kula, au kutoka kituo cha kampuni kwenda nyumbani, na unakataza kukitumia kusogelea mzigo unaofuata au kupeleka lori kwa fundi. Dereva akishabonyeza kitufe hicho anaamini amevuliwa kazi kwa pande zote. Hapana. Kitufe kile ni habari ya saa zako za kuendesha na askari wa mizani. Mwongozo huohuo unaruhusu matumizi binafsi hata tela likiwa limepakiwa. Sasa nenda kale chakula cha jioni na tela la nyama nyuma, ukwangue mtu, uone kama NTL itakutambua wakati karatasi yake inasema haigusi lori lililobeba mali ya biashara. Kwa saa zako hujavunja kitu. Kwa NTL huna bima. Kifaa ni ushahidi mmoja kati ya mingi, si hukumu.

Turudi kwenye pikapu. Mumeo alitoka nyumbani kwenda kuosha lori kwa sababu dispacha alitaka lori safi. Kama angegonga nguzo kwenye geti la pale wanapoosha, ningekwambia bila kusita hilo ni la kampuni, na risiti yako ya kuomba kurudishiwa dola 65 ingekuwa shahidi wenu mzuri. Lakini kuosha kulikwisha. Ukampigia simu. Akageuza kichwa akaenda maili sita upande ambao si wa nyumbani wala wa yadi, kufuata unga na dagaa wa wageni wenu. Dagaa si biashara ya kampuni ya nyama. Mimi ningekuwa kwenye meza ya madai ya NTL ningelipa. Tatizo siko kwenye meza hiyo, na aliyeko anaweza kusema safari nzima ilianzishwa na ujumbe wa dispacha na ilikuwa haijaisha mpaka lori lirudi nyumbani. Ni hoja dhaifu ila ipo, na ndiyo hiyo wanayoitafuta wanapouliza nani alimtuma.

Ndiyo maana nilikwambia msichague bima moja na kuiacha nyingine. Andikeni kwa zote mbili, siku ileile, kwa baruapepe ili tarehe ibaki: siku, saa, mahali, namba ya lori, kilichotokea kwa mistari mitatu, makadirio yakiwa yameambatishwa, na ombi la kuwatetea na kulipa. Mwisho ongezeni kwamba wakikataa watume kukataa kwao kwa maandishi wakitaja kifungu. Dispacha kusema kwa mdomo kwamba hakuwa kazini si kukataa kwa bima, ni maoni ya mtu mwenye simu mbili masikioni. Barua ya kukataa ina thamani. NTL wakiandika kwamba mumeo alikuwa katika biashara ya kampuni, barua hiyo unaipeleka kwa bima ya kampuni: wenzenu wanasema ni yenu. Bima ya kampuni ikiandika kwamba hakuwa katika biashara yao, unaipeleka upande wa pili. Karibu kila mara mmoja wao anakosea, na hawapendi hoja zao zikutane kwenye meza moja. Wakiendelea na danadana, Iowa kuna idara ya bima ya jimbo, Iowa Insurance Division, inapokea malalamiko ya wananchi bila wakili.

Kingine, na hiki nakiandika kwa sababu umesema wewe ndiye mwenye makaratasi. Hizo dola 13 zinakatwa na kampuni, maana yake bima mmeinunua kupitia kwao. Basi mkataba unapaswa kuwapa haki mbili. Mkiomba, mpewe nakala ya bima yenyewe. Na mpewe cheti kinachotaja kampuni ya bima, namba, tarehe za kuanza na kuisha, kiasi inachofunika, gharama yenu na sehemu mtakayolipa wenyewe kabla bima haijaanza. Naweka dau kwamba hamjawahi kukiona. Omba leo. Nimewahi kuona mtu anakatwa NTL mwaka mzima huku namba ya lori iliyoandikwa kwenye cheti ni ya lori aliloliuza.

Halafu fungua mkataba wenu kwenye ukurasa wa makato ya uharibifu. Kampuni nyingi huweka kwamba mwenye kichwa atachangia kiasi fulani cha kila ajali. Ikiwemo, imo, mlisaini. Lakini kanuni inasema kabla hawajakata hela ya uharibifu wa mali kwenye malipo yenu lazima wawape maelezo ya maandishi yenye mchanganuo. *Kabla*. Ijumaa yoyote ukikuta mstari wa dola 4,870 uliojitokeza wenyewe, una pa kushika.

Bampa yenu yenyewe, pole. NTL haigusi lori lenu hata kwa senti. Hiyo inatoka kwenye bima ya uharibifu wa lori, ambayo bila shaka mnayo kwa sababu benki ya mkopo haiwezi kuwaacha bila hiyo. Ila kwa kona ya bampa, linganisha kwanza gharama ya fundi na ile sehemu mnayolipa wenyewe. Huenda nyundo ya fundi mzuri ni nafuu. Wala NTL haimlipi mumeo mwenyewe akivunjika mguu, hilo ni fungu jingine kabisa na nitaliandikia siku nyingine.

Nilipokupigia Ijumaa ulisema maelezo ameyatoa kwa dakika tisa, ameitaja na risiti, na yule dada wa madai akamshukuru. Kushukuru si kulipa. Endelea kuhesabu siku.

---

*Kaka, mimi niko Fort Worth. Nimeachana na kampuni yangu ya Oklahoma City, nimewarudishia vibao vya namba na kifaa, nataka kuanza na mamlaka yangu mwenyewe, yaani kibali cha kubeba mizigo kwa jina langu. Kichwa nimekiacha kwao uwanjani. NTL nimeilipia hadi mwisho wa mwezi. Naweza kukifuata Jumamosi nikakiendesha mpaka nyumbani, si ni matumizi binafsi?*

Safari ni binafsi, ndugu yangu, lakini usiwashe injini. NTL nyingi zimeshikizwa kwenye mkataba wa kukodisha: inafunika kichwa kilichokodishwa kwa kampuni fulani wakati hakiko katika biashara yake. Mkataba ukifa, nayo haina pa kusimama, hata kama mwezi umelipiwa. Mwandikie wakala aliyekuuzia umuulize kama bado iko hai. Nadhani atakwambia ilikufa siku uliyosaini kuondoka, na utakuwa unamdai chenji. Tena vibao umerudisha, kwa hiyo hata kabla ya bima huna ruhusa ya kuwa barabarani. Ungeniuliza wiki moja mapema ningekwambia rudisha kichwa nyumbani kwanza, halafu ndiyo ujiuzulu. Kwa sasa tafuta kibali cha muda na bima ya muda, au kibebwe juu ya lori lingine. Piga hesabu ya zote mbili.

Na ukishapata mamlaka yako usikubali mtu akuuzie NTL. Wewe ndiye utakuwa kampuni. Utanunua bima kuu kwa jina lako, na kampuni ya bima itaipelekea FMCSA taarifa kwa fomu ya BMC-91X. Uwe umebeba mabati au umekwenda kinyozi, bima ni hiyohiyo moja. Bei yake mwaka wa kwanza itakutoa machozi, jiandae.

---

*Shikamoo mzee. Nina kichwa chenye vitanda viwili, nimekodisha kwa kampuni. Mwezi ujao kuna harusi Louisville, siku hizo sina mzigo. Naweza kumpakia mama watoto na wanangu wawili twende nacho tukiwa nje ya kazi? Watoto wanalipenda sana lori.*

Marahaba. Kanuni ya 392.60 inasema hupakii abiria kwenye lori la biashara bila idhini ya maandishi ya kampuni ambayo lori linaendeshwa chini ya jina lake, na jina lililoko mlangoni kwako si la harusi. Kampuni nyingi zina fomu ya abiria, zinadai bima yake ya pembeni, na zinaweka umri wa chini wa mtoto. Omba fomu hiyo, siku moja wapeleke wanao safari fupi wapige honi washibe. Louisville nendeni na gari dogo. Nguo za harusi hazipandi ngazi za Cascadia, na hata ukifika utazunguka mtaa mzima unatafuta pa kuegesha huku bibi harusi anaingia.